Moyo Mmoja Uliozidi

Mwanzoni Hidaya Shemweta alidhani ni pongo.

Uwanda wa Lwangu ulikuwa na wanyama wake, na kila mnyama alikuwa na moyo, na kila moyo ulifika kwenye skrini yake kama mstari mwembamba unaopanda na kushuka. Alikwisha kuzoea kuwatambua. Panya walikuwa mvumo tu, kama mvua ya mbali. Pongo moyo wake ulikwenda mbio hata akiwa amelala. Lakini huu mpya haukuwa na haraka. Ulipiga, ukapumzika, ukapiga tena. Asubuhi ulichangamka kidogo, kama wa mtu anayeinama kupuliza moto kisha akainuka kwenda kuteka maji.

Hidaya aliweka kikombe cha chai mezani.

"Mtu," alisema. Koo lilimkwaruza. Hakukumbuka mara ya mwisho kutamka neno kwa sauti ilikuwa lini.

Hapakutakiwa kuwa na mtu Lwangu. Chini ya nyasi, kuanzia kituoni mpaka ukingo wa msitu, kulizikwa masanduku ya chuma, na ndani ya kila sanduku, kwenye ombwe lisilo na hata chembe ya hewa, vilitetema vijiti vya silikoni ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vitetemeshi, ndivyo walivyoviita. Kila kimoja kilikuwa na mlio wake wa kudumu. Ardhi ikitikisika, hata kwa unyayo wa ndege anayetua, mlio ule ulipinda, na mashine ikapima umepinda kiasi gani. Vyote kwa pamoja viliweza kusikia mwamba ulioyeyuka ukijisogeza chini kabisa ya milima, miezi mingi kabla ya mlima wenyewe kuamka.

Ila sauti hiyo ya chini ilikuwa ndogo mno, na moyo wa mtu mmoja ulitosha kuifunika. Ndiyo sababu familia zilizokuwa zikilima Lwangu zilihamishiwa makazi mapya kule bondeni. Ndiyo sababu pia kituo kilikuwa na mkaaji mmoja tu: mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, mwenye ufadhili kamili wa ada, posho na makazi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kichujio cha kuondoa kelele za viumbe hai ili ibaki sauti ya dunia peke yake.

Kwenye usaili, Profesa Elinami Mrutu alimwuliza swali moja tu lisilo la fizikia.

"Unaweza kukaa peke yako?"

Hidaya alicheka. Alilelewa Korogwe, kwenye nyumba iliyopakana na stendi ya mabasi, ambako wapiga debe walianza kazi kabla ya adhana ya alfajiri. Alilala kitanda kimoja na dada zake wawili mpaka alipokwenda chuo. "Profesa," alijibu, "hiyo ndiyo sehemu ya ufadhili niliyoipenda kuliko zote."

Sasa alivaa viatu vyenye soli za sufi. Chakula chake kililetwa na ndege isiyo na rubani na kushushwa kwa kamba ili kisiigonge ardhi. Kifuani alivaa mkanda uliorekodi mapigo yake, kichujio kikayatoa kwenye kumbukumbu, hivi kwamba kwa mujibu wa mashine hata yeye hakuwepo. Mama yake alipopiga simu, Hidaya alimjibu kwa kunong'ona. "Mwanangu, mimi masikio yangu si ya ujana," mama alisema siku moja, nusu mzaha. Baada ya hapo simu zilipungua, kisha zikawa za sikukuu.

Sheria ilikuwa wazi: ukimsikia mtu, toa taarifa, na walinzi watapanda kumwondoa. Hidaya alikusudia kutoa taarifa siku ileile. Akasema afadhali kesho, awe na uhakika. Kesho yake moyo ule ulichelewa kuamka, naye akajikuta ameshindwa kunywa chai mpaka alipouona unachangamka. Kuanzia hapo taarifa haikuandikwa tena. Alikula wakati moyo ule ulipotulia, kwa kuwa aliamini mwenye nao naye alikuwa anakula. Jioni aliuacha kwenye skrini kama wengine wanavyoacha taa ya barazani ikiwaka. Aligundua pia kwamba mara kwa mara pigo moja lilikosekana. Moyo ulinyamaza, ukasita, kisha ukarudi kwa kishindo, na kila ulipofanya hivyo Hidaya alishika ukingo wa meza.

Aliendelea hivyo msimu mzima, mpaka Profesa Mrutu alipopiga simu.

"Wafadhili wanakuja kukiona kichujio chako," alisema. "Nimepitia kumbukumbu zako. Upande wa kusini kuna uchafu. Unajirudia."

"Wanyama, Profesa."

"Basi waondoe. Hidaya, wewe unajua kilichonipata mimi." Alijua. Mlima ulipoamka bila onyo kule kaskazini, Profesa alipoteza mke na kaka zake kwa asubuhi moja. Hakulizungumzia, ila kila mwanafunzi wake alijua. "Kuna miji mitatu chini ya milima hiyo. Nataka siku moja niwaambie watu wake waondoke, na wawe na muda wa kuchukua hata picha za ukutani."

Profesa alipokata simu, Hidaya alivaa koti na kuelekea kusini.

* * *

Nyumba ilikuwa nyuma ya kilima kidogo cha mawe, ya udongo, paa likiwa limefunikwa nyasi mbichi ili lisionekane kutoka angani. Mbele yake palikuwa na shamba dogo la viazi. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kichwani kilemba cha kijani, alikuwa akipalilia kwa mikono. Alipomwona Hidaya hakukimbia. Alikung'uta udongo vidoleni, polepole.

"Umetumwa?"

"Sijatumwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama hujatumwa, umejuaje huku kuna mtu?"

Njiani Hidaya alikuwa ameandaa uongo kuhusu moshi. Sasa macho yale yakimtazama, uongo ule ulimwishia mdomoni.

"Nimekusikia."

"Sina wa kusema naye. Umesikia nini?"

"Moyo wako. Mashine zetu zinasikia moyo kupitia ardhini."

Mwanamke alipeleka mkono kifuani na kuuacha hapo, kama mtu aliyegundua kwamba gauni lake limechanika mbele za watu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Usiku na mchana?"

"Mashine hazilali."

"Na wewe?"

Hidaya alitazama matuta ya viazi.

"Kuna siku nililia," mwanamke alisema. "Nililia nikakaa chini palepale mlangoni. Ulisikia?"

"Sikusikia kilio, mama. Niliona moyo unakwenda mbio, na ukachelewa kutulia."

"Si ndicho hichohicho? Ukafanyaje?"

"Nilikaa nao. Nilisubiri mpaka ulipotulia."

"Ukakaa kwako." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomwumiza Hidaya zaidi. "Yaani tulikuwa wawili, na mimi nikadhani niko peke yangu."

Aliitwa Atuganile Mwaisumo. Kwa kuwa mgeni alikuwa amekwisha kufika, alimkaribisha ndani na kumpa kiazi cha kuchoma, lakini hakuketi karibu naye. Kule makazi mapya, alieleza, nyumba zilipangwa madirisha yakitazamana. Akikohoa, jirani wa kulia anauliza habari za kifua. Akichelewa kufungua mlango, wa kushoto anatuma mtoto. Watoto wake mwenyewe walikuwa mijini, mumewe alikwisha kuondoka zamani kwa miguu yake. "Watu wazuri wote," alisema. "Mimi nilichoka kusikika. Nikarudi kwangu."

"Mama, kuna jambo jingine. Moyo wako unaruka pigo."

"Unajikwaa. Najua. Unajikwaa tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho."

"Sasa unajikwaa zaidi. Unahitaji hospitali."

"Nikienda hospitali wataniuliza ninaishi wapi." Alichokoa moto kwa kijiti. "Hiyo mashine yako haiwezi kuniacha?"

Hidaya alifikiri kabla ya kujibu, maana jibu alikuwa nalo.

"Inaweza kukufuta. Kama inavyonifuta mimi. Nikipata mapigo yako halisi, kichujio kitajifunza namna moyo wako unavyopiga, kitayatabiri, na kuyatoa. Uwanda utaonekana mtupu. Ila nitalazimika kukusikiliza kwa karibu. Kwa mkanda, kifuani."

Kwa mara ya kwanza Atuganile alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka puani. "Ili nisisikike, nisikilizwe."

"Ndivyo. Na nikishakufuta, hata mimi sitakusikia. Moyo ukisimama, sitajua."

"Watu si wameishi hivyo miaka yote? Mtu hajui habari zako mpaka aje kugonga mlango."

"Basi nitakuja kugonga."

"Uje na chumvi," Atuganile alisema. "Na mtu mwingine asijue kwamba nipo."

"Hatajua."

Atuganile alivaa mkanda siku mbili, akanung'unika kwamba unamwasha, akaurudisha. Hidaya aliketi mbele ya skrini na kukipa kichujio mapigo yale yote. Mstari uliokuwa umemkalisha mezani msimu mzima ulianza kupungua, kwanza vilele, kisha mabonde, ukawa kama uzi, ukawa kama kivuli cha uzi. Halafu haukuwepo. Hidaya alinyoosha mkono na kugusa kioo pale ulipokuwa. Kilikuwa cha baridi.

Hakuwa amejua kwamba upweke una sakafu nyingine chini ya ile aliyokuwa amekwisha kuizoea. Alikwenda kugonga kila alipoweza, na chumvi, na betri za tochi. Wakati mwingine Atuganile alimfungulia. Wakati mwingine alisema kutoka ndani, "Nipo, leo sitaki watu," na Hidaya akarudi, akiwa ameridhika nusu.

* * *

Wafadhili walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa makoti mazito, wakiwa na Profesa Mrutu kwenye gari la umeme lililoachwa mbali kidogo na kituo. Wote walifungwa mikanda kifuani na kupewa viatu vya sufi. Hidaya aliwasha spika.

Kwanza hawakusikia kitu. Kisha, kutoka chini ya ukimya, ikaja sauti kama ya mtu anayeburuta gunia zito kwenye chumba cha jirani. Ikasita. Ikaburuta tena.

"Hiyo ndiyo yenyewe?" mgeni wa kike alinong'ona.

"Ndiyo," alisema Profesa. Alikuwa amevua miwani na macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo yenyewe. Haijawahi kusikika safi hivi. Huyu binti amefanya jambo ambalo mimi nimelihangaikia nusu ya maisha yangu."

Hidaya alikuwa bado anatafuta pa kuyaweka maneno hayo alipoona shimo.

Lilichoreka kwenye mstari uliokuwa umenyooka: mchirizi wa pigo la moyo, lakini umepinduliwa, kilele kikitazama chini. Likapita. Akajiambia ni hitilafu. Likaja la pili, na la tatu.

Alielewa mara moja, kwa kuwa kichujio alikitengeneza mwenyewe. Kilikuwa kinatabiri pigo na kulitoa, na pigo lilikuwa haliji. Kilitoa kitu kisichokuwepo, na palipotolewa pakabaki shimo lenye umbo la moyo wa Atuganile.

"Na hicho ni nini?" mgeni wa kiume aliuliza, akinyoosha kidole.

Angeweza kusema ni joto la vifaa. Wangeamini. Alimsikia Atuganile akisema mtu mwingine asijue, kwa sauti ileile isiyopanda. Mashimo mawili yalifuatana, yakaja mapigo machache ambayo kichujio kiliyameza, kisha mashimo tena, mengi zaidi.

"Profesa," Hidaya alisema kwa sauti kubwa, na wote watatu wakashtuka, maana hakuna aliyepaza sauti ndani ya chumba kile tangu kijengwe. "Kule kusini kuna mtu. Moyo wake unasimama."

"Mtu gani? Tangu lini?"

"Nilimficha. Gari, Profesa. Mengine utaniuliza njiani."

Walimkuta ameanguka ubavu kati ya jiko na mlango, midomo ikiwa na rangi ya majivu, bado anapumua. Profesa Mrutu, ambaye kwa miaka hakuruhusu hata baiskeli kukanyaga Lwangu, aliendesha gari juu ya masanduku yake mpaka mlangoni, na yeye ndiye aliyeshika miguu walipomwinua. Waliteremka naye kwenye ukungu hadi hospitali ya Tukuyu. Hidaya alikaa nyuma, kichwa cha Atuganile kikiwa mapajani mwake, vidole viwili shingoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuusikia moyo ule bila mashine. Ulikuwa dhaifu, wa vuguvugu, na haukufanana kabisa na mstari aliokuwa amekaa nao.

* * *

Madaktari walimwekea betri ya moyo. Siku ya pili, kwenye korido ya hospitali iliyonuka dawa ya sakafu, Profesa alimvuta Hidaya kando.

"Kwa taratibu zetu, nilitakiwa nikufukuze."

"Najua."

"Lakini wale wageni hawakuondoka wamekasirika. Unajua walichokiona? Wameona mashine inayoushika moyo wa mtu mmoja, katikati ya mioyo yote ya uwanda, na kupiga kelele unaposimama. Wanataka kuongeza ufadhili. Fikiria, Hidaya. Kila mgonjwa wa moyo. Kila mtu anayeishi peke yake."

"Na kila anayejificha."

Profesa hakuwa mtu wa kudanganya. "Na huyo pia," alisema. "Ninachokuomba ni ule mfano wa moyo wake, yale mapigo uliyokifundishia kichujio. Bila huo, hakuna cha kuonyesha. Bila huo hata tasnifu yako imeisha."

"Ule mfano si wangu. Alinipa ili afutwe."

"Basi kamwombe mwenyewe. Sitakuingilia."

Atuganile alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amegeukia ukuta. Kilemba cha kijani kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kabati. Hidaya alivuta kigoda.

"Uliahidi," Atuganile alisema bila kugeuka.

"Niliahidi."

"Ukawaambia."

"Niliwaambia, mama. Na ingetokea tena leo, ningewaambia tena."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akisimulia habari za mkwewe, na kicheko cha wageni wake kikajaza wodi. Hidaya alisubiri kipungue. Kisha alieleza yote: mfano, wageni, kazi ambayo kichujio kingefanya, nzuri na mbaya. Hakupamba upande wowote.

"Nikikataa?"

"Nitaufuta."

"Na masomo yako?"

"Yatakwama. Labda yataisha."

Hapo ndipo Atuganile alipogeuka. Alimtazama Hidaya kwa muda, uso mzima, kana kwamba alikuwa hajapata nafasi ya kumwangalia vizuri.

"Ulipokuwa unanisikiliza kule juu, kabla hujaja, ulikuwa hunijui hata jina. Ulikuwa unataka nini kwangu?"

Hidaya alifungua mdomo. Jibu la kitaalamu lilikuwepo, akaliacha lipite.

"Nilitaka mtu awepo," alisema.

Atuganile aliinamisha kichwa taratibu, kama anayekubali. Hidaya alitumaini, kwa kitambo kidogo, kwamba angesema basi chukua.

"Nakataa," alisema Atuganile.

"Sawa, mama."

"Kule hawataniacha nirudi. Mwanangu wa Mbeya anakuja kunichukua." Akafumba macho. "Viazi vyangu vimekomaa. Kavichimbe, visije vikaozea ardhini."

Nesi alipita akisema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha. Hidaya alisimama. Hakushikwa mkono wala hakuagwa.

Aliufuta mfano huo siku aliyorudi kituoni, na nakala zake zote. Kisha akampigia Profesa Mrutu na kumwambia.

"Una hakika hakuna nakala?"

"Hakuna."

"Mwisho wa mwezi uteremke," alisema hatimaye. Hakusikika mwenye hasira. Alisikika mchovu. "Ile sauti ya chini tuliyoisikia, Hidaya, nitaitafuta tena. Nitaleta mwanafunzi mwingine. Na wale wageni nao watampata mwingine wa kuwatengenezea mashine yao. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa, Profesa."

Kesho yake alichukua jembe na gunia, akaenda kusini. Walinzi walikuwa wamekwisha kupita. Mlango uling'olewa na nyasi za paa zilitapakaa uani, ila shamba hawakuligusa. Alichimba tuta baada ya tuta. Hakuwa mkulima. Viazi vya kwanza alivikata kwa jembe, kisha mkono ukazoea. Vilikuwa vikubwa, ngozi nyekundu, vimejaa udongo mweusi. Alijaza gunia mpaka mdomoni, akalifunga kwa kamba, akainama kuliinua.

Halikuinuka. Alijaribu tena, kwa goti, kwa kuliegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Lilipanda hadi kiunoni na kurudi chini. Gunia kama lile linataka mtu wa pili, wa kukutwisha. Hidaya alisimama akihema, akatazama upande huu na upande ule wa uwanda, kama mtu anayeweza kumwona mpita njia wa kumwita.

Akalifungua, akapunguza viazi nusu na kuviacha vimerundikwa kando ya ukuta. Kisha akajitwisha mwenyewe, akaanza kuteremka kuelekea Tukuyu, kwa mwenye viazi.